Shanga Zisizo na Tundu

Tenali, 29 Juni 1987

Mume wangu, pumzi yangu,

Jina lako sijaliandika humu, na bahasha sikuiandika mimi. Mama alinikuta nimeinamisha kalamu juu yake akaninyang'anya. "Wee! Mke gani anaandika jina la mumewe kama anamwita muuza mboga?" Basi aliyeandika ni kaka, kwa ule mwandiko wake wa kuku, kwa hiyo ikichelewa kufika mlaumu shemeji yako.

Tumeoana juzi tu, manjano ya harusi hayajanitoka shingoni, na tayari mwezi wa Ashadha umetutenga. Nani alibuni sheria hii, mume wangu? Kwamba bibi harusi wa mwaka wa kwanza asikae nyumba moja na mama mkwe wake mwezi mzima, na wewe nawe usivuke kizingiti cha mama yangu? Wifi Ratnam anasema walioibuni ni kina mama waliowakumbuka mabinti zao. Mimi nasema aliyeibuni hajawahi kulala kifuani pa mtu akasikia moyo wake unavyogonga. Wako unagonga upande wa kushoto kidogo kuliko wa watu wengine. Usicheke. Najua.

Mvua imeanza. Mfereji mbele ya nyumba umejaa, mashamba ya mpunga ni kioo kitupu, na mimi nakaa barazani nikimtazama mtu wa posta mpaka ameanza kuona haya.

Sikiliza neno moja, hata kama mengine utayasahau. Jumapili ya kwanza ya Shravana, mwezi huu ukiisha, uje unichukue. Siku hiyo hiyo. Hapa mtaani mkwe asipofika siku hiyo, watu hawaulizi treni ilikuwaje; wanauliza binti amerudishwa kwa kosa gani. Sitamma wa nyumba ya pili mumewe alisema atakuja wiki inayofuata. Mwaka juzi hiyo. Mpaka leo anapepeta mchele kwa mama yake.

Niandikie kila kitu. Unakula nini, mama mkwe bado anazidisha pilipili, na kazini mnafanya nini hasa. Ile siku juu ya paa uliponiambia unatengeneza shanga, nilicheka nikakuacha usimalize. Sasa nataka umalize.

Wako, wako, wako,
Kanakam


Hyderabad, 3 Julai 1987

Kanakam wangu,

Barua yako naisoma nikiwa kwenye basi la kiwandani, nikifika naisoma tena chooni, maana ndiko pekee ambako wenzangu hawanichungulii. Mama anazidisha pilipili, ndiyo. Nadhani anakukumbuka na hataki kusema.

Umetaka nimalize, basi vumilia. Tunachukua mafuta yanayoitwa stairini, yenye harufu inayong'ang'ania nywele, tunayamimina kwenye maji moto yenye wanga kidogo, tunakoroga. Mafuta hayapatani na maji, kwa hiyo yanajikunja kuwa matone. Ukikoroga kivivu unapata matone makubwa kama mbegu za papai. Ukikoroga kwa hasira unapata vumbi. Ukisimama kabla ya wakati yote yanashikana donge moja, na siku yako imekwisha. Lakini ukiupata mwendo wake, yanaganda yakiwa bado mviringo, na kwenye chekeche zinabaki shanga nyeupe, ndogo kuliko haradali.

Hizo bado ni bubu. Kazi inaanza tunapozilowesha zivimbe, kisha tukazipika kwenye asidi ya salfa. Salfa inaingia na kujishika ndani ya mwili wa kila ushanga, na kuanzia hapo ushanga unakuwa na mikono. Pitisha maji magumu juu yake, yale yanayoacha ganda jeupe kwenye birika la mama: unaikamata chokaa na kuachia chumvi mahali pake. Maji yanatoka laini. Ukichoka, unauosha kwa maji ya chumvi, unaitema chokaa, unaanza upya. Zikitoka zikiwa nzima, meneja amesema idara itakuwa yangu.

Anayezipima ni Bi Vasundhara, mkemia mwenzangu. Ungeiona mikono yake, Kanakam! Anadondosha dawa tone kwa tone, na tone la mwisho linapoangukia maji yote yanageuka waridi. Hapo ndipo tunajua kila ushanga una uwezo wa kushika kiasi gani. Mimi hupitiliza kila mara, rangi inakuwa kama ya sari mpya. Bi Vasundhara hapitilizi hata siku moja. Amesoma chuo kikuu, anacheka kwa sauti kama mwanamume, na huniletea limau la chumvi kutoka kwao kwa sababu anasema nimekonda tangu uondoke. Bi Vasundhara ndiye anayenifundisha kutumia hadubini mpya.

Nimekufungia shanga chache nyeupe kwenye kikaratasi. Zifungue mbali na upepo.

Jumapili ya Shravana nitakuja. Hata reli ikisombwa na maji.

Wako,
Sudhakar


Tenali, 7 Julai 1987

Mume wangu,

Shanga zimefika. Nilizimwaga kiganjani, wifi Ratnam akaja mbio akatoa macho. "Shanga gani hizi zisizo na tundu? Utazitunga vipi?" Nikamwambia hizi hazitungwi, hizi zina kazi. Nimezifunga kwenye pindo la sari na nalala nazo, pamoja na shanga zangu nyeusi za ndoa ulizonivalisha mwenyewe kwa vidole vinavyotetemeka. Vidole vyako vilitetemeka, nakumbuka vizuri. Si kama vya watu wengine, ambao mikono yao haitetemeki.

Ndiyo. Nimeisoma hiyo sehemu.

Nimeisoma na kidole changu kikipita juu ya maneno, na jina lake umeliandika mara nyingi kuliko langu. Mimi nimeishia darasa la kumi. Sijui hadubini. Sijui chuo kikuu kina harufu gani. Nikicheka nafunika mdomo, kama nilivyofunzwa. Nikikuona umekonda sina limau la kukuletea kwa sababu nimewekwa mbali, kwa amri, mwezi mzima, na mwenye limau yuko karibu nawe kutwa! Je, ni mrefu? Je, anavaa maua kichwani kazini? Ameolewa? Ulieleza wanga, ukaeleza chekeche, hayo hukueleza.

Na usidhani ni wewe tu mwenye watu. Binamu Suryam yupo hapa. Yule mtoto wa shangazi, aliyekuwa anipose tangu nikiwa na mikia miwili ya nywele, mpaka baba akakuchagua wewe. Amekuja na pikipiki mpya. Jana alisimama mlangoni akaniambia, "Kanakam, mumeo anakuletea shanga zisizoonekana kwa macho. Mimi ningekuletea dhahabu ukashindwa kunyanyua shingo." Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Bila kufunika mdomo.

Jumapili hii tunapaka hina uani, shangazi na wifi na wasichana wote wa mtaa. Binamu atabaki tule pamoja.

Wako (bado),
Kanakam


Hyderabad, 10 Julai 1987

Kanakam,

Bi Vasundhara ni mwenzangu wa kazi. Kuisifu mikono yake ni kama kuisifu mizani. Maua hayavai, yangetumbukia kwenye asidi.

Huyo Suryam anakaa hapo mpaka lini? Hana kazi? Kwenye harusi yetu aliketi safu ya kwanza ya walaji, kisha nikamwona safu ya pili, na vitamu vya ladu alivitia mfukoni. Dhahabu ataitoa wapi?

Kesho tunapika shanga kwenye asidi. Ni kazi ya kutwa na usiku. Sijalala vizuri. Kila nikifunga macho nakuona ukicheka bila kufunika mdomo, na sioni unamcheka nani.

Hiyo hina mnapaka saa ngapi? Asubuhi au baada ya chakula?

Sudhakar


Tenali, 13 Julai 1987

Mume wangu, mwezi wangu,

Barua yako imefika leo, hina imeshakauka na kubanduliwa. Lakini nimeipenda! Nimeibusu pale uliposema "mizani". Kumbe ni mizani tu! Wifi ameniuliza mbona naimba. Nimemwambia mume wangu ana wivu. Akasema, "Basi una mume."

Nisamehe ile barua yangu. Ilikuwa imejaa pilipili kuliko chungu cha mama mkwe. Ngoja nikusimulie hina. Tulichuma majani asubuhi, mvua ikinyunya, tukayasaga kwenye jiwe mpaka mikono ya shangazi ikawa kijani hadi kwenye viwiko. Tukapaka baada ya chakula, kila kidole na kofia yake, na duara katikati ya kiganja. Unakaa hivyo mpaka jioni, huwezi kushika kitu, huwezi hata kujikuna pua. Tulikuwa wanawake watupu uani, hakuna mwanamume hata mmoja aliyesogea, tukaimba na kusengenyana mpaka tukakauka koo. Binamu hakuwepo. Alisharudi Guntur zamani. Kwa hiyo lala usingizi.

Na rangi! Unajua wanavyosema, ikitoka nyekundu mume anakupenda, ikififia ana pengine. Yangu imetoka kama ndani ya komamanga! Shangazi alinishika mkono akamwonyesha kila mtu. Ungekuwa hapa ungeibusu, kidole kwa kidole, na mimi ningejifanya naona haya.

Kituko kimoja nikuchekeshe. Jana hiyo hiyo, mvua ilipokaza, kulikuwa na mwanamume amesimama ng'ambo ya mfereji, kwenye kibanda cha tambuu, na mwavuli wa kike. Wa maua ya kijani! Mimi sikumwona, nilikuwa nimeipa barabara mgongo. Wifi ndiye aliyemwona, kwa juu ya ukuta mfupi wa ua. Alisema, "Masikini, huyu kafukuzwa na mkewe akatupiwa na mwavuli." Alisimama muda mrefu, tambuu hakununua, kisha akaondoka kuelekea stesheni. Tulicheka!

Siku zimebaki chache. Nimeanza kupanga sanduku.

Wako mwekundu,
Kanakam


Hyderabad, 17 Julai 1987

Kanakam,

Barua imefika. Nimefurahi kusikia mlikuwa wanawake watupu.

Shanga zimepasuka. Nyingi ni nusu nusu, kama dengu zilizokobolewa. Kosa ni langu. Meneja amenipa nafasi moja tena. Tunaanza upya, mimi na Bi Vasundhara, na asidi itakuwa motoni Jumamosi, kuamkia Jumapili ya Shravana. Kwa hiyo sitakuja.

Kaa kwenu mpaka utakapotosheka. Naona huko hukosi mtu wa kukuhudumia.

Sudhakar


Tenali, 20 Julai 1987

Kwa Bi Vasundhara, mkemia, kiwandani

Bibi,

Hunijui. Mimi ndiye mke wa mtu unayemletea limau la chumvi.

Sijasoma kama wewe, kwa hiyo nitaandika kwa njia fupi. Nilimwacha mume wangu akiniita Kanakam wake. Siku chache nawe, na barua yake imekuwa kama taarifa ya kukatiwa umeme. Alikuwa aje kunichukua Jumapili. Sasa haji, anasema ana kazi, na kazi hiyo ina jina lako ndani yake. Unajua maana ya mkwe kutofika siku ya kwanza ya Shravana? Wewe ni wa huku huku, unajua. Mama yangu ameshanunua sari ya kunirudisha nayo kwa mume. Ameikunja akairudisha kabatini.

Hina yangu ilitoka nyekundu, wakanisifu. Leo kila mtu anayepita uani anachungulia kucha zangu kuona kama imefifia. Mimi mwenyewe nachungulia.

Chuo kikuu hakikukufundisha kwamba mume wa mtu si kitu cha kupimia mikono yako isiyotetemeka? Kama unampenda, sema. Niambie mimi, si yeye. Na kama humpendi, mwachie aje. Treni ipo kila siku.

Kanakam
(jina langu lote ninaloweza kulitaja, la kwake silitaji, lakini ni langu pia)


Hyderabad, 22 Julai 1987

Shemeji Kanakam,

Naomba nikuite hivyo hata kama utakunja uso. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikacheka, kisha nikakaa nikaisoma tena bila kucheka.

Nakujibu swali lako kwanza. Mume wako ni mtu mzuri, na kama ningekutana naye kabla yako labda ningemtazama mara mbili. Sikukutana naye. Nilikutana na mtu ambaye kila saa ya chai ananieleza jinsi mke wake anavyokunja mguu mmoja akisoma. Masikio yangu yamechoka, shemeji. Nilimpa limau ili afunge mdomo.

Sasa la shanga, maana naona hakukueleza. Zikishapikwa kwenye asidi kali, haziwezi kutupwa kwenye maji. Zimeizoea asidi mpaka ndani ya mifupa. Unaimimina asidi iliyopungua ukali kidogo, unangoja, unamimina iliyopungua zaidi, unangoja, hivyo hivyo usiku kucha mpaka zifikie maji matupu. Ukiharakisha, maji yanaingia yote kwa pamoja na zinapasuka. Mume wako anajua hili kuliko mimi. Jumamosi ile ya tarehe kumi na moja mimi niliondoka mchana, zamu ya usiku ilikuwa yake. Kabla sijaondoka nilimwona anaitazama saa ya ukutani kama mtu mwenye homa. Akaniambia, "Nitamwona kwa mbali tu. Kizingiti sitakivuka." Mvua ilikuwa kubwa, nikamwazima mwavuli. Nilidhani kampata mtu wa kumshikia zamu. Jumatatu niliziangalia kwenye hadubini: hakungoja mtu. Alizimwagia maji yote kwa mkupuo akakimbilia treni ya jioni ya kwenu.

Alirudi na uso wa mtu aliyetoka mazishini. Nilimwuliza, "Umemwona?" Akasema, "Nimemwona." Basi. Mpaka leo hajataja mguu wa mtu yeyote kwenye saa ya chai. Meneja alipouliza nani kaharibu, alisema "mimi", na sababu hakuitaja.

Aliona nini huko, shemeji? Mimi sijui. Wewe utakuwa unajua.

Na tafadhali, ukimpata, mwambie anirudishie mwavuli wangu. Ni ule wa maua ya kijani, alisema ameusahau kwenye treni. Mama yangu aliununua Vijayawada na ananiuliza kila mvua ikinyesha.

Vasundhara


Tenali, 24 Julai 1987

Mume wangu, mpumbavu wangu, roho yangu,

Ulikuja.

Ulikuja ukasimama kwenye mvua ng'ambo ya mfereji, na mimi nimekupa mgongo! Ulishika mwavuli wa mwanamke mwingine (hilo tutalizungumza) na ukaondoka bila hata kukohoa! Nimelia tangu barua ya Bi Vasundhara ifike, kisha nikacheka, kisha nikaenda kwenye kibanda cha tambuu nikasimama pale pale uliposimama. Muuzaji akaniuliza, "Na wewe hununui?" Kutoka pale uani kwetu kunaonekana vizuri sana. Sasa najua ulichoona.

Uliona binamu Suryam amechuchumaa mbele yangu ananilisha.

Ndiyo, alikuwepo. Nilikudanganya. Niliandika "wanawake watupu" kwa sababu barua yako ya wivu ilikuwa tamu mno, nikasema nisikuongezee jeraha, nikamfuta binamu uani kama ninavyofuta ubao. Kumbe ulikuwa umeshamwona! Ukasoma uongo wangu huku picha unayo machoni. Ningekuwa mimi ningekuja na panga.

Sasa huu ndio ukweli wote. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na hina, kila kidole na kofia yake. Koo lilinikauka kwa kuimba. Nikaomba mtindi. Wanawake wote walikuwa na hina kama mimi, hakuna mwenye mkono. Binamu akatokea jikoni na bilauri ya mtindi na bakuli la vikate vya idli, akaanza kutulisha sote kama vifaranga. Shangazi alilishwa. Wifi Ratnam alilishwa, akamng'ata kidole makusudi. Mimi nilikuwa wa mwisho, na ilipofika kwangu akasema, "Fungua mdomo, mke wa mwenye shanga. Nikuchotee moja moja, au mumeo anataka kuzihesabu kwanza?" Hapo ndipo nilipocheka. Nilikuwa nacheka juu yako, mume wangu! Mwanamume uliyemwonea wivu pale alikuwa wewe mwenyewe.

Na nilimtaja kwenye barua ya pili kwa sababu nilikuwa naungua na Bi Vasundhara. Nilitaka nawe uungue kidogo. Nilidhani utaungua vya kuandika. Sikujua utapanda treni, wala sikujua shanga zinapasuka.

Jumapili ni keshokutwa. Posta haitawahi, kwa hiyo anayekuletea barua hii ni Suryam mwenyewe. Nimemwambia ndiye aliyeiwasha, ndiye atakayeizima. Usimpige. Ana mchumba Guntur, ataoa Shravana hii hii, na anaogopa sana pua yake isiharibike kabla ya picha.

Hina imefifia kwenye viganja. Kwenye kucha bado. Njoo kabla haijatoka kwenye kucha.

Kanakam wako


Hyderabad, 25 Julai 1987

Kanakam wangu,

Suryam amefika alfajiri, akasimama mbali na mlango, akanyoosha barua kwa mkono mrefu kama anamlisha tembo. Mama alimkaribisha chai. Mimi niliisoma barua ukumbini, nikaenda nikamkumbatia, akapiga kelele akidhani ndiyo zamu ya pua. Kisha mama akaniuliza mbona nalia, nikasema ni pilipili.

Sasa nisikilize, na uniamini, maana naomba kitu kigumu.

Nilipokuona pale nilisahau hata kununua tambuu. Ulikuwa mzuri kuliko siku ya harusi, na mtu mwingine alikuwa anakufuta mdomo. Sikukaa nikafikiri kwamba mtu mwenye hina hana mikono. Mimi, ninayeshinda kutwa nikieleza watu kwamba ushanga bila mikono haushiki kitu! Nilirudi na kukuandikia ile barua. Nimeijutia kabla haijaingia kwenye sanduku la posta.

Leo asubuhi shanga zinaingia kwenye asidi. Ni nafasi yangu ya mwisho, meneja mwenyewe atazitazama kwenye hadubini. Zitaanza kushuka jioni, hatua kwa hatua, na hazitafika kwenye maji kabla ya kesho asubuhi. Bi Vasundhara amesema, "Nenda, mimi nitazishusha." Nimekataa. Niliziharibu mimi kwa haraka ya kukukimbilia. Safari hii nitakaa nazo mpaka mwisho, ndipo nije. Treni yangu ni ya mchana. Nitafika jioni, taa zikiwashwa.

Kwa hiyo kesho asubuhi anayebisha hodi kwenu atakuwa Suryam na barua hii, si mimi. Mtaa utaona. Watasema. Na wewe utajua kwamba usiku huu niko kiwandani, na Bi Vasundhara yuko meza ya pili na dawa yake ya waridi. Najua ninachokuomba. Ningeweza kukuficha, nimeona matunda ya kuficha.

Ningoje mpaka jioni. Mwambie mama yako asiikunje ile sari ya safari niliyosikia kwa Suryam.

Mwenye mwavuli (nimeupata, ulikuwa ofisi ya stesheni),
Sudhakar


Hyderabad, 29 Julai 1987
Ndani ya kikapu cha chakula cha mchana

Dada Vasundhara,

Huyo aliyekuletea kikapu atajifanya hajui kuna barua. Ameshaisoma, namjua.

Nakusimulia Jumapili, maana yeye atasema tu "nilifika". Asubuhi Suryam alishuka stesheni peke yake, na kabla hajafika mlangoni mtaa mzima ulikuwa barazani. Mama wa Sitamma alikuja kuazima chumvi. Alikuja tena kuazima ndimu. Mara ya tatu hakusumbuka kutafuta la kuazima, alikaa. Nikavaa sari, nikakaa barazani mbele yao wote. Kila treni iliyopiga honi nilinyanyua shingo kutazama daraja. Nikakuwaza wewe na tone lako la mwisho, na nakwambia kweli, dada, nilikuchukia mpaka saa nane hivi. Kisha nikachoka kukuchukia. Nikafungua pindo la sari nikacheza na zile shanga nyeupe. Sitamma alikuja akakaa kando yangu. Nikamgawia kiganjani.

Taa zilipowashwa, mwavuli wa maua ya kijani ulijitokeza ng'ambo ya mfereji. Safari hii ulivuka daraja. Mama alimmwagia mume wangu maji ya manjano miguuni, naye akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia, macho mekundu kwa kukesha, nywele zinanuka mafuta yenu. Hakunisalimu. Alifungua kikaratasi akanimwagia kiganjani shanga zilizoiva kwenye asidi zikawa rangi ya sukari guru, nzima, hakuna ufa. Tuliziweka kando ya zile nyeupe. Wifi Ratnam akazitazama, akatazama kucha zangu, akasema, "Rangi moja!" Kisha akakimbia, kwa sababu mume wangu alinishika mkono mbele za watu, na mama akajifanya anatafuta kiberiti.

Ameniambia meneja ameziangalia na idara ni yake. Ameniambia pia kwamba wewe ndiye uliyemwamsha mara mbili aliposinzia usiku ule. Nashukuru. Uliamshaje? Kwa sauti au kwa mkono? Nijibu.

Humu ndani kuna mwavuli wako, umeoshwa. Kuna wali wa ndimu, na achari ya majani ya gongura ya mama yangu. Na kwenye jani la mgomba kuna hina niliyosaga mwenyewe, kutoka mti wa uani kwetu, imesafiri ikiwa imelowa. Ashadha, mwezi wa hina, imekwisha lakini nani anahesabu. Ipake Jumamosi, usipokuwa kazini. Vidole vyote, na duara katikati ya kiganja. Utakaa kutwa bila mikono, utasikia njaa, utasikia kiu, itabidi mtu akulishe.

Mlete yeyote akulishe, dada. Yeyote, isipokuwa wangu.

Kanakam